Pembe Nne za Shuka

Kwa siku tisa Pembe alilala juu ya godoro tupu. Si kwamba alikosa mashuka. Yalikuwa yamepangwa rafuni, yamefuliwa na kunyooshwa, lakini kila aliponyoosha mkono kuchukua moja, mkono ulirudi wenyewe kana kwamba umegusa pasi ya moto.

Hilo jina la Pembe alipewa na wanawake wa dobi, kwa sababu ya namna alivyokunja mashuka yenye mpira, yale yanayowashinda wengi hata wakayaviringisha kama boga. Yeye aliziingiza pembe zote nne, moja ndani ya nyingine, kama vikombe vinavyopangwa kabatini, na shuka la kitanda kipana likatoka mezani dogo, nyoofu, mfano wa kitabu. Alifundishwa na mama yake, mshonaji, mtu asiyevumilia kuona nguo imekunjwa ovyo. Naye Pembe akamfundisha mtu mmoja tu duniani. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akifukuzwa nchini, na ndege yake ilikuwa ya Jumamosi.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Pembe alisimama mbele ya mlango wa chumba cha mtu huyo, mpenzi wake aliyemwita Mhandisi, mkoba begani, akisikiliza mkanda wa kufungia maboksi ukichanika upande wa pili. Alibisha.

"Ingia, kama huogopi vumbi," ikajibu sauti aliyoijua kuliko yake.

Chumba kilikwisha kuvuliwa nguo. Kuta zilibaki na alama za gundi pale michoro ya madaraja ilipokuwa imebandikwa. Vitabu vilifungwa kwa kamba mafungu mawili, na juu ya kila fungu karatasi yenye jina la rafiki atakayerithi. Mhandisi alipiga magoti sakafuni, mrefu hata magotini, akipambana na shuka lake la kitanda. Alikuwa amelikamata ncha mbili, zilizobaki zimemponyoka, na sehemu kubwa ilikuwa imemzunguka shingoni.

"Afadhali umekuja," alisema. "Hili limenishinda tangu saa sita. Halikunjiki na mtu mmoja."

Pembe alijaribu kucheka. Aliweka mkoba chini, akashika ncha zilizoanguka, wakasimama kila mmoja upande wake kama walivyozoea. Walinyoosha. Wakaliinua, likajaa upepo, likashuka. Kisha Mhandisi akasema neno lake la siku zote, "Njoo," naye akaja, hatua tatu, hadi vidole vyao vikakutana na pembe zake zikaingia ndani ya pembe za mwenzake. Hapo ndipo, miezi minane iliyopita, walipotazamana kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kukunja shuka. Leo pia alimtazama. Macho ya Mhandisi yalikuwa makavu na mekundu, ya mtu anayelala kidogo na kutabasamu sana.

"Siku ile ya wakaguzi uliwezaje kukunja?" aliuliza Pembe. "Hukuwahi kuniambia."

"Nilimwomba mkaguzi ashike upande wako." Mhandisi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikamwambia, njoo. Akaja. Mzee wa watu ana mikono baridi, sikumpendea chochote."

Hapo Pembe aligeuka akajifanya anatafuta kitu mkobani, maana alihisi uso wake unataka kumsaliti.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki ya kwanza walipofika, wanafunzi wote wageni waliketishwa ukumbini wakasomewa masharti ya viza: ndani ya chuo, mwanafunzi aweza kufanya kazi saa ishirini kwa wiki, nje ya chuo, hata saa moja haruhusiwi. Pembe alitia saini kwa moyo mweupe. Akapata kazi ya kurudisha vitabu katika rafu za maktaba, akaridhika. Kisha bweni la wanawake likafungwa kwa matengenezo, na Mama Pasi, mwenye duka la dobi nyuma ya chuo, akampa chumba cha juu. Hakutaka kodi. Alitaka mkono wa asubuhi tu, tangu saa kumi na moja hadi saa mbili, kupiga pasi na kukunja mashuka ya nyumba za wageni. Pembe alijiambia kwamba kazi ni ile yenye mshahara, na hapa hapakuwa na mshahara. Palikuwa na mama mkarimu na binti mwenye adabu wanaosaidiana.

Hivyo aliamini kwa miezi mitatu. Mwezi wa nne, akitafuta kitu kingine katika kijitabu cha masharti, macho yake yaliangukia mstari uliosema kwamba malipo ni malipo, hata yakiwa chumba au chakula. Aliusoma mara mbili. Akakifunga kijitabu, akakizika chini ya vitabu vingine. Kesho yake alfajiri alikuwa mezani, pasi mkononi. Mhandisi alimwambia ahame, si mara moja. Naye alijibu kwamba atahama tasnifu ikiisha. Tasnifu ilihusu maji ya visima, na sasa ilibakiza wiki sita.

Jumanne ile, siku tisa zilizopita, Pembe alikuwa mbele ya jopo la walimu akitetea sura yake ya nne. Mchoro wa visima alikuwa ameusahau juu ya meza ya pasi. Mhandisi alikwenda mbio kumchukulia, akawakuta wakaguzi wawili wanamhoji Mama Pasi: wameambiwa kuna mwanafunzi mgeni anayefanya kazi hapa, ni nani? Meza moja haikuwa na mtu. Aproni ilining'inia kwenye msumari. Mama Pasi alitazama sakafu akiiwazia leseni yake. Wakaona kitambulisho cha chuo kifuani mwa Mhandisi, wakamtaka aseme aproni ile ni ya nani.

Alisema ni yake. Mkaguzi mzee hakuamini. Akamtupia shuka, akamwambia hebu kunja.

"Kunywa maji," alisema Mhandisi sasa, akimpa gilasi pekee iliyobaki. "Umepauka."

Kabla Pembe hajanywa, simu yake iliita. Ilikuwa simu mbovu, haisikiki ila kwa spika, na chumba kile kidogo hakikuwa na pa kujificha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nyuma ya sauti cherehani ilinguruma, ikatulia, ikanguruma tena. Hakungoja jibu. "Nakupa habari ili usiisikie njiani. Shangazi wa yule mwenzako alirudi Jumapili kutaka jibu la posa yao. Baba yako mkubwa amemjibu. Tumemwambia hatuna binti wa kumpa mtu aliyerudishwa kwa kuvunja sheria za watu. Mtu anapelekwa kusoma, yeye anakwenda kufua?"

Pembe alimtazama Mhandisi. Alikuwa ameinama, anafunga kamba ambayo ilikwisha kufungwa. Hakushtuka. Kumbe alijua tangu Jumapili, na leo ni Alhamisi, na hakusema.

"Mama, ngoja kidogo..."

"Singoji. Nilikuwa nimeanza kumpenda, ndilo linaloniuma. Lakini wewe umesimama, mwanangu. Mmeishi nchi moja, masharti yale yale, vishawishi vile vile, na wewe hukunitia aibu. Kila nikikaa na wenzangu nasema, mtoto wangu hapindi. Si ndivyo?"

Mhandisi aliinua kichwa. Akakitikisa taratibu, mara mbili: usiseme.

"Ndiyo, Mama," alisema Pembe.

Simu ilikatika. Kilemba kile cha ukoka alichovishwa na mama yake kilimlemea Pembe hata shingo ikamwuma.

"Umejibu vizuri," alisema Mhandisi kwa upole.

Angemtukana, Pembe angestahimili. Angemwambia yote aliyoyapoteza kwa ajili yake, moja baada ya jingine, angepata angalau pa kushika. Lakini kusifiwa kwa uongo ule, na mtu yule, kulimtoboa.

"Nakwenda kusema," alisema.

"Kwa nani?"

"Kwa mshauri wa wanafunzi wageni. Ofisi yake hufungwa saa kumi."

"Kaa chini kwanza."

"Nimekaa siku tisa."

Mhandisi alikuja akamsimamia, si kwa hasira, ila kama mtu anayezuia mtoto asikimbilie barabarani. Alizungumza kwa kirefu. Alimkumbusha kwamba ni wa kwanza katika ukoo wao kufika uzamili. Kwamba ana watu wanaongoja visima hivyo, si mchezo. Kwamba yeye, Mhandisi, bado alikuwa na mihula miwili na angeweza kuimalizia chuo cha nyumbani, hata kama ni kwa kuanza nyuma. Mmoja akizama, mwingine yuko ukingoni na kamba. Wakizama wote wawili, nani atamvuta mwenzake?

"Wiki sita, Pembe. Uwasilishe, upewe cheti, kisha ukitaka kawaambie hata malaika."

"Hukuniuliza."

"Ulikuwa mbele ya jopo. Ningekuuliza vipi?" Alisita. "Na jioni nilipokueleza, ulisema nini?"

Hakuwa amekusudia ubaya. Pembe aliliona hilo usoni mwake, alivyojuta mara tu neno lilipomtoka. Lakini swali lilikwisha kuingia. Jioni ile alilia. Alimshika mikono yote miwili. Na baada ya kulia alisema asante. Alimshukuru, kama mtu anayepokea mwavuli. Kisha akarudi juu kuandika sura ya tano, na sura ilikwenda vizuri sana. Hilo hakumwambia mtu.

"Nilisema asante," alijibu. "Nalikumbuka kila nikitaka kulala."

"Basi nami nilifurahi ulivyosema." Alikaa ukingoni mwa kitanda kitupu. "Wajua maneno hunishinda. Wenzangu huandika barua, wengine huimba; mimi nachora madaraja. Siku ile niliona njia ya kukupenda isiyohitaji nizungumze. Usininyang'anye."

Pembe alipiga magoti mbele yake, akaushika uso ule, akautazama mpaka machozi yakamfanya asiuone.

"Umenipenda kwa namna inayonifanya niogope kioo," alisema. "Nitakuwa mke gani mimi? Nitapika, nitakuandalia, na kila ukinitazama nitajiuliza kama unaona aproni ile."

"Sitaiona."

"Mimi nitaiona. Na mama yangu atakuita mvunja sheria mpaka anaingia kaburini, huku nakaa pembeni nasema ndiyo, Mama. Nawe utaniambia nimejibu vizuri."

Mhandisi alimzungushia mikono. Akaegemeza kipaji cha uso wake juu ya kichwa cha Pembe, wakakaa hivyo kitambo, hata Pembe akasikia saa ya ukutani ya jirani ikipiga. Saa tisa. Alijiondoa kidogo kidogo, kama anayetoka kitandani bila kumwamsha mtoto. Akalichukua lile shuka walilokunja pamoja, akalitia mkobani.

"Hilo langu," alisema Mhandisi.

"Nitakurudishia."

Katikati ya ngazi alisimama akampigia mama yake. Alimweleza akiwa ameshika ukuta: chumba cha Mama Pasi, mstari alioukuta kijitabuni na kuufunga, meza isiyokuwa na mtu, aproni, siku tisa. Hakujipamba wala hakujitetea. Nyuma ya sauti ya mama yake cherehani ilinyamaza.

"Umesema ni wewe."

"Ni mimi, Mama."

"Na yule mtoto wa watu akakubali kutukanwa."

"Akakubali. Hata leo alikuwa anakusikia."

Mama yake alivuta pumzi. Akasema kwamba yeye amezaa mtu, si malaika, na kwamba hasira zake atazihifadhi mpaka watakapoonana uso kwa uso, ziko nyingi, asidhani zitapoa.

"Sasa nenda huko ofisini. Sema kwanza, lia baadaye. Mtu akilia kwanza husema nusu."

Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye kalamu mbili, nyekundu na bluu, na mazoea ya kuzipanga sambamba kabla ya kusikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta jalada la Mhandisi, akaligeuza kurasa.

"Binti yangu," alisema, "hapa katika kiti hicho nimeshawaona wapenzi wengi. Kila mmoja anataka kumbebea mwenzake. Nitajuaje kwamba si yeye aliyefanya kazi, nawe umekuja kumwokoa? Mkaguzi ameandika kwamba kijana alikunja shuka kwa ustadi."

"Mama, ameandika lilikunjwa vipi?"

Mshauri aliweka miwani sawa, akasoma kwamba mtuhumiwa alikunja, mkaguzi mwenyewe akishika upande wa pili.

"Kwa Mama Pasi hakuna upande wa pili," alisema Pembe. "Kila mpiga pasi ana meza yake, na mashuka hamsini kabla ya saa mbili. Ukimwita mwenzako akushikie, kazi yake inalala. Yeye anajua kukunja na mtu. Alijifunza kwangu, chumbani, nikiwa nimeshika upande wa pili. Kukunja peke yake hajui."

Alilitoa shuka mkobani, akalikung'uta likafunguka lote, jeupe katikati ya makabati ya ofisi. Alishika pembe mbili, akalibana katikati kwa kidevu, mkono wa kushoto ukaifuata ya tatu kwa kuipapasa tu, bila kutazama, na wa kulia ukaigeuza ya nne ikaingia ndani. Akaligonga mezani. Likanyooka. Mara mbili kwa urefu, mara tatu kwa upana. Haikuchukua muda wa mtu kuvaa kiatu. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo maelfu ya mara, na sasa, kwa mara ya kwanza, ilifanya mbele ya mtu mwenye haki ya kuiona.

Mshauri alilitazama shuka. Akaiacha kalamu ya bluu, akachukua nyekundu, akairudisha pia.

"Unajua nitakaloandika?"

"Najua, Mama."

"Wiki sita zako nitaziombea. Siahidi. Kuna wanaokwenda na wasirudi. Na yeye pia hatoki msafi: kusema uongo mbele ya mkaguzi ni kosa, ingawa si kosa la kufukuzwa." Alinyanyua simu ya mezani. "Nitamwita. Nataka nione kwa macho yangu."

Dakika kumi za kumngoja Pembe hakusali, hakulia. Alihesabu vitasa vya makabati. Mhandisi alipoingia, akihema, shati limetoka nje ya suruali, hakumtazama mshauri. Aliliona shuka juu ya meza, dogo, nyoofu, pembe nne ndani. Rangi ikamtoka usoni.

"Umefanya nini," alisema kwa sauti ndogo, wala halikuwa swali.

Mshauri alilikunjua shuka kwa mkupuo mmoja, akamkabidhi.

"Kijana, unasema ulifanya kazi kwa dobi miezi saba. Likunje. Wewe peke yako."

Mhandisi alilipokea. Alitafuta pembe mbili, akazipata, akanyoosha mikono yake mirefu mpaka mwisho. Shuka lilining'inia, nusu yake ikalala sakafuni. Akasimama hivyo. Na kwa mazoea yasiyodanganyika, macho yake yakainuka, yakavuka weupe ule, yakaenda upande wa pili kumtafuta aliyezoea kusimama pale.

Pembe alikuwa pale, hatua tatu mbele yake. Vidole vilimwasha. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kuinama, kushika, kusogea. Alifunga mikono yake nyuma ya mgongo, wa kushoto ukiushika wa kulia, akabana mpaka kucha zikaingia nyamani.

Midomo ya Mhandisi ilianza kuumba lile neno lake. Haikutoa sauti.

Alimtazama kwa muda mrefu kuliko unavyohitajika kukunja shuka. Kisha polepole aliishusha mikono.

"Siwezi," alisema.

Nyuma yao, kalamu ya mshauri ilianza kuandika.